Taji, Utepe na Mwaka wa Hijria

Kwa uzito wa madini, nishani ya Nyota ya Khedivi si kitu. Ni ya shaba tu, imetoka kiwanda cha Henry Jenkins na Wanawe mjini Birmingham, nao walioipata ni askari na mabaharia wa vita vya Misri na Sudan vya miaka ya 1880. Mbele kuna Sfinksi na piramidi, nyuma herufi za jina la Khedivi Tawfik, mtawala wa Misri. Mnunuzi mgeni hukodolea macho Sfinksi. Mjuzi hutafuta mwaka: Kiingereza kikisema 1882, Kiarabu hakina budi kusema 1299 ya Hijria, kikisema 1884, Kiarabu kiwe 1301. Mghushi asiyesoma Kiarabu hujifunga mwenyewe hapo. (Mtoto aliyepitia chuo Lamu au Unguja angeisoma 1299 hiyo kabla wakusanyaji wengi wa London hawajajua ipi ni juu na ipi ni chini.)

Kazi ya mjuzi huyu ni kuihoji nishani mpaka maelezo yake yote yakubaliane, na Misri ya kifalme ni uwanja mzuri kwa sababu vyeo vya watawala wake vilibadilika upesi. Alikuwapo Khedivi hadi 1914, kisha Sultani, na kuanzia 1922 Mfalme, mpaka ufalme ulipofutwa Juni 1953. Makhedivi wenyewe waligawa nishani za Kituruki, Mejidiye na Osmaniye. Nyuma ya Osmaniye kuna namba 699, na wapo wanaodhani ni namba ya aliyetunukiwa. Ni mwaka wa Hijria unaohesabiwa kuwa wa kuasisiwa dola ya Uthmaniya. Nishani yenyewe ilianzishwa 1862.

Sultani Hussein Kamel alianzisha Nishani ya Naili mwaka 1915: nyota nyeupe ya enameli juu ya miali ya madini, ikining'inia chini ya taji. Jamhuri iliibakiza nishani, ikaliondoa taji. Kwa hiyo muuzaji anayeapa kwamba Naili yake isiyo na taji ilitoka mkononi mwa Mfalme Fuad ana kazi ya kueleza. Yenye taji nayo haijapona. Kuna vipande vya kuunganishwa, nyota ya kweli na taji la nishani nyingine, na pete ya kiungo ndiyo hutoa siri: risasi mpya ya kulehemu hung'aa pasipopaswa. Jina la sonara J. Lattes wa Cairo likiwa nyuma ni dalili njema, lakini jina ndilo kitu rahisi kuliko vyote kugongwa upya.

Mezani, lenzi huanzia ukingoni. Kipande kilichopigwa chapa kina mistari mikali. Cha kusubiwa kwenye kalibu huwa na vitundu vidogo, herufi zilizolegea, na mara nyingine mshono uliopigwa tupa kuufuta. Enameli halisi ni kioo kilichoyeyushwa kwa moto, hivyo ikipasuka huacha ukingo mkali kama kigae. Rangi ya plastiki haivunjiki hivyo, hukwaruzika. Utepe huwekwa chini ya taa ya urujuanimno, na nyuzi za kisasa mara nyingi huwaka samawati. Hapo haraka ni hatari. Tepe huchakaa na kubadilishwa, na utepe mpya hauifanyi nishani kuwa bandia. Ule wa Medali ya Sudan ya Khedivi Abbas Hilmi wa Pili, yenye mwaka 1314, ni wa manjano na mstari wa buluu katikati, jangwa na mto wake, nao umefumwa upya mara nyingi kwa nia njema kabisa.

Kinachosumbua zaidi ni hadithi. Mfalme Farouk alipinduliwa Julai 1952, na mwaka 1954 Sotheby's wakapiga mnada makusanyo yake katika kasri la Koubbeh, Cairo. Tangu hapo kila nishani ya Kimisri, kwa wauzaji wake, iliwahi kulala kwenye sanduku la Farouk. Mjuzi huuliza namba ya bidhaa kwenye katalogi ya mnada. Isipokuwapo, hulipia nishani na kuiacha hadithi kwa mwenyewe.

Kwa hiyo aliyerithi nishani ya babu asiisugue kwa dawa ya kung'arisha shaba, wala asitupe kijisanduku, cheti au bahasha iliyokuja nayo. Aviweke pamoja, kisha ndipo amtafute wa kumwonyesha.