Kiumbe wa Gizani na Wasomaji Waliokataa Kutoa Mji

Onyo kwanza: humu nafichua mambo mengi ya The Order of the Stick. Kama ndio kwanza uko sehemu ya mia na kitu na unapenda kushtukizwa, funga ukurasa, kasome, utarudi.

Haya. Tangu 2003 Mmarekani mmoja, Rich Burlew, anachora watu wa vijiti. Kichwa duara, mikono mistari, miguu mistari. Sehemu ya kwanza kabisa ni utani kuhusu kubadilika kwa kanuni za Dungeons & Dragons, ule mchezo wa mezani wa kujifanya shujaa na kurusha dadu, na kama huujui mchezo huo hutacheka. Leo sehemu zimeshapita 1,200, utani umebaki lakini umekuwa kiungo tu, na kilichoiva chunguni ni riwaya ndefu kuliko nyingi zilizo kwenye rafu yangu. Mwaka 2012 Burlew aliomba wasomaji dola 57,750 ili achapishe upya vitabu vya nyuma. Walimpa zaidi ya milioni 1.25, watu karibu 15,000. Hao si watu wanaopitisha muda.

Hawa watu wana ugonjwa mmoja, na ndio ninaotaka kuuzungumzia. Sehemu mpya hazina ratiba. Inaweza kutoka leo, nyingine ikaja baada ya wiki kadhaa. Katikati hapo wasomaji hawalali. Wanabashiri. Kila toleo jipya likitoka wanalipasua kama samaki, wanatoa miba mmoja mmoja, wanaipanga mezani na kusema: kwa mujibu wa mwiba huu, sehemu ijayo fulani atakufa.

Mfano mkubwa wao ni yule kiumbe wa gizani. Yuko upande wa maadui, chini ya Xykon, mchawi mfu aliyebaki mifupa mitupu. Tangu siku za mwanzo hatujawahi kuona sura yake. Tunaona kivuli na macho mawili ya manjano. Akitembea anatembea ndani ya sanduku au chini ya mwavuli, giza linamfuata. Ndani ya hadithi wako waliomwona, na wameshtuka. Sisi bado. Dalili zimedondoshwa kidogo kidogo: siku moja nguvu zake zinawarusha watu nje ya mnara, siku nyingine anatamka neno moja tu la kutoroka, na watu wawili wanajikuta mbali kabisa na pale walipokuwa. Mashabiki wameziorodhesha zote. Ukileta jibu lako unapimwa kwa orodha hiyo: je, huyo wako ana nguvu za kutosha? Anaweza kuhamisha watu? Anatisha kwa sura?

Sisi tuliokulia kwenye vitendawili mchezo huu tunaujua. Mtu anatega, mnajaribu, mnashindwa, anadai mji. "Nipe mji." Mnampa Tanga, mnampa Mombasa, anatamba kidogo huko mjini kwake kisha anawapa jibu. Ustaarabu wa kitendawili uko hapo: kushindwa kuna njia ya kutokea, na aliyetega analazimika kujibu akishalipwa. Hawa wenzetu hawana kanuni hiyo. Burlew ametega zaidi ya miaka 20, hawajatoa mji, naye hajadai. Watu wameanza kubashiri wakiwa shule, sasa wana watoto wanaosoma shule hizohizo.

Kuna uzuri mkubwa ndani yake, nisionekane nakejeli. Mtu anayekumbuka kwamba sehemu ya 100 na ushee mhusika alinyamaza pale alipotakiwa kujibu, huyo ni msomaji hasa. Vyuoni tunaomba wanafunzi wasome riwaya mara mbili na tunawaomba kwa vitisho. Hawa wanasoma mara kumi bila mtihani. Na mchoro wa vijiti unawasaidia: ukurasa hauna mapambo ya kujazia, kwa hiyo mstari ukiwepo una sababu, au angalau unaweza kushukiwa kuwa nayo.

Tena mwandishi mwenyewe ndiye aliyewafundisha. Tazama utabiri. Mashujaa walikwenda kwa kahini, kila mmoja akauliza swali lake. Vaarsuvius, mchawi wa jamii ya elfi, aliambiwa atapata nguvu kuu kwa kutamka maneno manne sahihi, kwa kiumbe sahihi, wakati sahihi, kwa sababu zote zisizo sahihi. Watu wakaanza kuhesabu maneno kwenye kila kiputo anachosema. Durkon, kuhani mbilikimo, wale wa kwenye ngano wa ndevu na shoka, aliuliza atarudije nyumbani alikofukuzwa. Jibu: akiwa ameshakufa. Durkon akafurahi, maskini, akijua atazikwa na wazee wake. Msomaji akaona jeneza. Kilichokuja si jeneza: Durkon aliuawa akimtetea mwenzake, akageuzwa mnyonya damu, na mwili wake ukaenda nyumbani ukitembea kwa miguu yake, umebeba maangamizi. Ukishafanyiwa hivyo mara moja, sentensi yoyote ya kahini utaisoma kama mkataba wa nyumba.

Na ndivyo wanavyomsoma Belkar. Belkar ni mfupi, mkatili, mwepesi wa kisu, na kahini amesema atavuta pumzi yake ya mwisho, ya mwisho kabisa, kabla ya mwaka kuisha. Basi nadharia zikamiminika. Atageuzwa mfu anayetembea, kwani wafu hawapumui! Atageuzwa jiwe! Atakwenda ulimwengu usio na hewa! Huu mimi nauita usomaji wa kiwakili. Unatafuta mwanya kwenye neno "pumzi" ili mteja aachiwe huru. Siuchukii, una akili. Ila unamwacha Belkar mwenyewe nje ya mahakama.

Hebu turudi kwake. Zamani, akiwa amelazwa na laana ya uchawi, Belkar aliota anashauriwa na mtawala mzee aliyekwisha kufa: huna haja ya kuwa mwema, jifanye tu, cheza mchezo wao. Akaamka, akaanza kujifanya. Na kwa mamia ya sehemu hatujui ni siku gani hasa kujifanya kulikwisha. Hakuna ukurasa wenye tangazo. Kisha Durkon anakufa kwa ajili yake, anarudi akiwa mnyonya damu, na kundi zima linakubali kwamba huyu ni Durkon yuleyule, kabadilika mlo tu. Ni Belkar anayekataa. Anasema huyo siye. Hasikilizwi, maana nani amsikilize Belkar kuhusu maadili?

Nje ya kurasa, wasomaji nao waligawanyika vivyo hivyo. Wengine wakahesabu kanuni za mchezo kuhusu wafu wanaotembea, wengine wakapima lafudhi yake. Baadaye ukweli ulipofunuliwa, kwamba ni roho nyingine iliyoukalia mwili huku Durkon amefungwa ndani, mashabiki wakaanza kuliandika jina lake na alama ya nyota pembeni ili wasimchanganye na wa kweli. Lakini ndani ya hadithi aliyebashiri sawasawa alikuwa Belkar, na hakutumia dalili. Alimjua Durkon. Alijua mtu aliyekufa kwa ajili yake asingesema yale yanayosemwa na huyu.

Na namna roho ile ilivyoshindwa! Nadharia nyingi nilizosoma wakati ule zilihesabu silaha: nani ana uchawi wa daraja gani, jua litachomoza saa ngapi. Burlew akaleta mama. Sigdi, mama yake Durkon, mjane mwenye mkono mmoja, aliwahi kupata mali ya ghafla, ya kutosha kubadilisha maisha yake. Akaitumia kuwafufua watu watano asiowajua, kwa sababu walikufa kifo ambacho kwa sheria za miungu yao kingewapeleka kwa Hel, wakati mumewe alikwisha kufa kwa heshima. Mtoto amelelewa ndani ya hesabu hiyo. Durkon anapoiachia kumbukumbu yote kwa mpigo, roho iliyoukalia mwili wake haiwezi kuibeba na kubaki ilivyokuwa. Inakuwa yeye. Na anayeombwa kumaliza kazi, kuchoma mti moyoni, ni Belkar.

Nenda kaisome sehemu hiyo halafu uniambie kama bado unajali suala la kisheria la pumzi.

Kwa upande wa pili, kubashiri kukiwa kuzuri kunakuwa aina ya hofu ya kimaadili, na hapo naivulia kofia jamii hii. Vaarsuvius alipopata zile nguvu (maneno manne yalikuja, yakiwa ya kiburi na uchungu), alimuua joka jeusi lililotishia watoto wake, kisha akatupa uchawi wa kuua kila mwenye damu ya joka hilo, na kila mwenye damu ya hao. Sehemu ya 600 na ushee hiyo. Majoka yanaanguka dunia nzima, katika picha ndogondogo. Msomaji wa kawaida alipita: majoka meusi, waovu, sawa. Kilichofuata kilichukua miaka. Mashujaa wanafika kwenye makao ya ukoo mmoja wa binadamu, ukoo wa Draketooth, na kukuta maiti tu, mezani, vitandani, watoto kwa wazee. Babu yao alikuwa na damu ya joka jeusi. Hata mwanamke mmoja ambaye kifo chake cha ghafla kilitajwa kwa kupita tu alikufa kwa sababu alikuwa amezaa na mtu wa ukoo ule. Dalili zilikuwa mbele ya macho. Mtu aliyekuwa ameuliza mapema, "je, damu hiyo imeishia kwa majoka?" hakuwa anatafuta ushindi wa kubahatisha. Alikuwa anakataa kuhesabu maiti kwa rangi ya magamba.

Nipite pembeni kidogo kuhusu Vaarsuvius, maana hapa Kiswahili kina la kusema. Jinsia yake haijulikani. Mwandishi ameificha kwa makusudi na wahusika wenyewe hawaafikiani. Kwa Kiingereza kila sentensi ni mtego, na mashabiki wamepigana miaka kwa ajili ya kiwakilishi kimoja. Kwetu ni "yeye", "alisema", "akaondoka", fumbo limeyeyuka kabla ya chai. Nilikuwa nikijisifu hivyo hadi nilipotaka kumsimulia rafiki kuhusu ndoa yake na Inkyrius. Ameoa au ameolewa? Hapo ndipo lugha yetu inapokudai uchague. Nikasema "wameoana", nikaokoka. Halafu watoto: hata wao katuni haiwaachi waseme baba wala mama. Mtafsiri wa Kiswahili angekuwa na kazi, ila mahali tofauti kabisa na alipo wa Kiingereza, na angelazimika kulinda siri kwenye milango ambayo Burlew hakuijua.

Na yule wa gizani? Angalia nilivyomwandika toka juu. Ningeweza kusema "kile kitu kilichomo sandukuni". Nimesema "kiumbe aliyemo", kwa sababu anaongea, anacheza michezo ya kitoto, na amefanya urafiki na mfungwa, O-Chul, aliyemtendea kama mtu na kumwonyesha kwamba halazimiki kutii. Orodha ya dalili haina mstari wa hilo. Siku sanduku litakapofunguliwa kuna atakayepiga kelele "nilisema!" na atakuwa na haki yake. Mimi nangoja kuona atasimama upande gani Xykon atakapomwamuru aue.

Swali gumu zaidi la sasa ni Redcloak, kuhani wa magoblini, na hapa nadharia nyingi zinaniudhi. Anadai watu wake waliumbwa ili wauawe, wawe ngazi ya mashujaa kupandia. Ni shtaka dhidi ya mchezo wenyewe uliozaa katuni hii. Durkon aliyefufuka alikwenda kuzungumza naye: mungu wa magoblini akishirikiana na miungu mingine, dunia inaweza kuokolewa badala ya kubomolewa na kuanzwa upya. Mazungumzo yakavunjika. Tangu hapo wengi wanabashiri nani atamuua Redcloak na kwa uchawi gani, kana kwamba kuhani mwenye daraja hilo anaokotwa kichakani. Bila yeye au mwingine mfano wake mpango haupo. Wabashiri wachache wanaouliza angeambiwa nini akubali, baada ya damu yote aliyomwaga, tena ya ndugu yake mwenyewe, hao ndio ninaowafuata.

Anayetaka kuanza: iko mtandaoni bure. Vumilia sehemu mia za kwanza, utani wake wa kanuni umechakaa. Ukifika kwa kahini chukua kalamu, andika majibu yake yote neno kwa neno. Kisha iweke kalamu mbali na umwangalie Belkar.