Gololi moja mbele ya madiwani wa New York

Mwaka 1942 Meya Fiorello La Guardia alipiga marufuku mashine za pinboli jijini New York, akidai ni kamari. Kwa wakati ule hoja yake ilikuwa na uzito. Mashine hazikuwa na flipa, vile vikono vya kuirudisha gololi juu. Kampuni ya Gottlieb ilizileta mwaka 1947 katika mashine yake ya Humpty Dumpty. Kabla ya hapo, ukishafyatua gololi, ulibaki kuisukasuka mashine na kuomba heri.

Marufuku ilidumu hata baada ya flipa kuenea. Mwaka 1976 mwandishi kijana, Roger Sharpe, aliitwa kuthibitisha mbele ya kamati ya madiwani kwamba mchezo huu ni wa ustadi. Alicheza vizuri, lakini walikuwapo ambao hawakushawishika. Ndipo akatangaza mapema: atavuta kifyatuo cha springi, na gololi itapita katika njia ya katikati kule juu ya mashine. Akavuta, ikapita. Kamati ikapiga kura 6 kwa 0 kuondoa marufuku.

Baadaye Sharpe mwenyewe alikiri kwamba bahati ilimsaidia. Hata hivyo, ninaamini ustadi wake mkubwa ulikuwa kuchagua kifyatuo. Hapo gololi imetulia, na kila mara huanzia mahali palepale. Kinachobadilika ni urefu wa kuivuta springi na namna ya kuiachia. Mchezaji makini hukariri springi ilipofika, huachia vidole kwa mara moja bila kuisindikiza, kisha hupunguza au kuongeza kidogo kulingana na gololi ilikoangukia. Wengi huvuta hadi mwisho na kuachia tu, wakaitupa nafasi pekee ambayo hawaharakishwi na chochote.

Kwenye flipa kanuni ni ileile: itulize gololi kwanza. Anayeanza hubonyeza vitufe vyote viwili vya flipa kila inaposhuka, na katikati huacha mwanya. Bonyeza cha upande mmoja tu. Gololi ikishuka taratibu upande huo, kiinue kikono na ukishikilie. Itakaa kwenye pembe ya shina lake. Sasa una muda wa kuchagua shabaha. Kiachie kikono, gololi ianze kuteremka, ndipo upige. Ukiwahi, ikiwa bado karibu na shina, huelekea upande uleule wa kikono. Ukisubiri ifike nchani, hukatiza kwenda upande wa pili. Tofauti hiyo ni ya sehemu ndogo ya sekunde, na ndiyo inayohitaji mazoezi mengi kuliko kitu kingine chochote.

Kuisukuma mashine kunaruhusiwa, ila kwa kiasi. Ndani yake mna timazi linaloning'inia katikati ya pete. Likigusa pete, flipa huweza kukatiwa umeme na gololi hiyo ikapotea.

Ukipata mashine, usianze kwa kukimbiza alama. Chagua shabaha moja, itaje kabla ya kupiga kama alivyofanya Sharpe, na usiiache mpaka uipate mara kadhaa mfululizo.