Nani Kauingilia Mwanga wa Nyota?

Tumeletewa kutoka Sumbawanga tafsiri ya kurasa nne juu ya upimaji wa nyota, iliyokusudiwa wanafunzi wa sekondari. Mfasiri ni mwalimu, na Kiswahili chake ni cha kupendeza. Ila jina la mbinu yenyewe amelitafsiri "kuingilia kati mwanga wa nyota". Katika lugha yetu aingiliaye kati ama ni msuluhishi ama ni mfitini. Mwanafunzi atauliza, na ana haki: nani kauingilia?

Jambo lenyewe ni hili. Mwanga wa nyota moja hupokewa na vioo viwili vilivyoachana, kisha hukutanishwa. Kilele cha wimbi kikikutana na kilele, mwanga huongezeka. Kikikutana na bonde, hufutika. Ikatokea mistari ya mwanga na giza. Vioo vikizidi kutenganishwa mistari hufifia, na umbali inapotowekea ndio unaotujulisha upana wa nyota. Kwa njia hiyo Michelson na Pease waliipima Ibuti la Jauza katika Mlima Wilson, Marekani, mwaka 1920. Ni ile nyota nyekundu ya Jabari, ambayo alfajiri ya Septemba huonekana wazi katika uwanda wa Ufipa wenye miti haba.

Kwa hili "mwingiliano wa mawimbi" latosha, mradi "wa mawimbi" lisidondoshwe, maana mwingiliano mtupu umekwisha kutwishwa mizigo ya madawa na ya jamii.

Lakini ukurasa wa mwisho umetutia mashakani sisi wenyewe. Unazieleza darubini za H.E.S.S. za Namibia, zilizopima nyota mbili mwaka 2022. Huko mwanga haukutanishwi kamwe! Kila darubini huandika kuyumbayumba kwa ukali wa mwanga wake, kisha maandishi hayo hulinganishwa. Mbinu hii ya Hanbury Brown na Twiss ya miaka ya 1950 ilikuwa imewekwa kando muda mrefu. Imefufuliwa kwa kuwa darubini zilizojengwa kwa kazi nyingine zaweza kuifanya usiku wa mbalamwezi, usiofaa kwa kazi yao ya asili. Kuiita nayo mwingiliano ni kumdanganya msomaji. Twapendekeza "ulinganishi wa ukali wa mwanga".

Mfano wa mwalimu wa mawe mawili yatupwayo bwawani tumeubakiza, ila katika mbinu ya kwanza tu. "Nyota pacha" yake hatukuigusa.