Gia ya Nne Ikinyamaza: Giaboksi ya Pikapu Ilivyopimwa kwenye Milima ya Pemba

Pikapu ikianza kuvuma, neno la kwanza katika gereji nyingi ni "tuishushe." Propela inafunguliwa, giaboksi inashushwa, kisha ndipo watu wanaanza kuinama na kuuliza kumeharibika nini. Kazi hiyo peke yake inamla fundi na msaidizi wake siku nzima, na mara nyingi mwisho wake mwenye gari huambiwa atafute giaboksi nyengine nzima, ya mtumba, kutoka Unguja au Dar es Salaam. Ninayoieleza hapa ilikwenda kinyume. Fundi mmoja wa Chake Chake alijua ubaya uko wapi kabla hajashika spana, kwa sababu alilipeleka gari mlimani akalisikiliza. Si kipaji wala bahati. Ni hesabu ya vyuma, na Pemba, kwa vilima na mabonde yake yasiyokwisha, ni pahala pazuri sana pa kuifanyia.

Gari lenyewe ni Hilux ya dizeli, ya kuvuta nyuma tu, yenye gia tano za mkono. Msimu wa karafuu hubeba magunia kutoka mashambani kwenda vituo vya ununuzi vya ZSTC, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar. Msimu ukipita hubeba mchanga, mawe na mikungu ya ndizi, na kila siku abiria wawili watatu wanaoning'inia nyuma. Malalamiko yalikuwa mawili: mvumo unaopanda na kasi, mbaya zaidi kwenye gia ya 5, na gia ya 2 inayochomoka yenyewe gari likiwa linateremka. Gereji ya kwanza ilishakata shauri: giaboksi imekufa, inunuliwe nyengine.

Ili mtu aelewe alichokifanya fundi wa pili, lazima ajue kilichomo ndani ya kasha lile. Kuna shafti tatu. Ya kwanza inaingia kutoka kwenye klachi na kuleta nguvu ya injini. Ya pili imelala chini, ndani ya oili, na meno yake yameshikana daima na meno ya shafti ya kwanza. Mafundi huiita leyi shafti. Ya tatu inatoka nyuma kwenda kwenye propela, na juu yake zimepangwa gia zinazozunguka huru mpaka dereva achague mojawapo. Ukiwa gia ya 1, 2, 3 au 5, nguvu inaingia kwa shafti ya kwanza, inashuka kwenye leyi shafti, kisha inapanda tena kwenye shafti ya kutokea. Ukiwa gia ya 4 mambo hubadilika: shafti ya kuingilia na ya kutokea hufungwa pamoja zikawa kitu kimoja, zamu moja ya injini kwa zamu moja ya propela. Leyi shafti inaendelea kuzunguka, lakini haibebi kitu.

Hapo ndipo penye siri yote. Beringi iliyochoka hulia zaidi ikibebeshwa mzigo. Giaboksi ikivuma gia zote isipokuwa ya 4, basi meno ya gia moja moja hayana kosa. Kosa liko kwa kile kinachofanya kazi katika gia zote nyengine na kupumzika katika hiyo moja. Hicho ni leyi shafti na beringi zake, au beringi ya shafti ya kuingilia inayoisukuma. Ikivuma gia moja tu, tazama meno ya gia hiyo au beringi ya sindano iliyo chini yake. Ikivuma gia zote sawasawa, ya 4 ikiwemo, tafuta nyuma: beringi ya shafti ya kutokea, au pengine si giaboksi kabisa.

Fundi alianza gari likiwa limesimama. Injini inanguruma taratibu, gia iko frii, klachi imeachwa. Mvumo upo. Akamwambia dereva, "Ami, hebu kanyaga klachi mpaka chini uishikilie." Mvumo ukafa polepole katika sekunde chache. Klachi ikikanyagwa, shafti ya kuingilia inakatwa na injini, na baada ya muda mfupi kila kilichomo ndani ya giaboksi husimama. Mlio unaokufa kwa kukanyaga klachi unatoka ndani ya kasha. Mlio unaozaliwa kwa kukanyaga klachi ni wa rilizi beringi, ambayo iko nje na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha. Kipimo hiki hakihitaji chombo wala malipo, na nashangaa kila ninapoona gari limepandishwa juu ya jeki bila ya mtu kukifanya.

Kisha wakatoka na gari, na mzigo wa mawe nyuma. Waliifuata njia ya zamani ya Chake Chake kwenda Wete, ile yenye kona na mipando mingi kuliko njia mpya. Kwenye mpando, gia ya 2 ilivuma, ya 3 ikavuma. Walipofika sehemu ya kutosha kuingiza ya 4, mvumo ukashuka hadi ukabaki mlio wa kawaida wa dizeli. Ya 5 ikarudisha kelele zaidi ya mwanzo. Hapo jibu lilishapatikana nusu.

Nusu ya pili ilipatikana kwenye mteremko. Gari likiwa linashuka kwa kasi ile ile, dereva aliambiwa atie frii kwa sekunde chache tu. Gia ikiwa frii na injini imerudi chini, leyi shafti inazunguka polepole, lakini propela, difu na beringi za magurudumu zinaendelea kwa kasi ya barabara. Kelele ingebaki vile vile, ingekuwa ya huko nyuma, na kazi yote ya kushusha giaboksi ingekuwa hasara. Haikubaki. Nasisitiza jambo hili kwa sababu difu inayolia huwadanganya watu wengi: sauti yake husafiri kwenye bodi na kusikika kama inatoka chini ya miguu ya dereva. Difu mara nyingi hujifichua kwa kubadilika mlio ukikanyaga mafuta na ukiachia. Kros za propela hujifichua kwa kugonga mara moja gari linapoondoka.

Na ile gia ya 2 kuchomoka? Inachomoka kwenye mteremko na si kwenye mpando kwa sababu ukishuka bila kukanyaga mafuta, magurudumu ndiyo yanayoisukuma injini, na nguvu inageuka upande wa pili wa meno. Meno ya kufungia gia yakishaliwa pembe zake, nguvu hiyo iliyogeuka huyatelezesha hadi yaachane. Sababu nyengine ni shafti kucheza mbele na nyuma kwa sababu beringi zake zimelegea, na hata mpira wa mauntini uliokatika unaweza kuiachia giaboksi yote itikisike na kujitoa gia. Fundi alianzia kwenye mauntini, akaikuta nzima.

Kabla ya kushusha chochote alifungua nati ya kumwagia oili. Nati ile ina sumaku. Unga mwembamba wa kijivu kwenye sumaku ni uzee wa kawaida. Vipande vinavyong'aa, unavyoweza kuvihisi baina ya vidole, ni meno au uso wa beringi uliobanduka. Vilikuwepo vipande vidogo, bambabamba, si vipande vya meno. Oili yenyewe ilitoka na rangi ya chai ya maziwa, dalili ya maji, na ilikuwa pungufu.

Maji yameingiaje kwenye kasha lililofungwa? Hapa Pemba jibu si gumu. Giaboksi ikifanya kazi hupata moto, na hewa iliyomo ndani hutanuka na kutoka kupitia kitundu cha kupumulia kilichoko juu yake. Gari likiingia ghafla kwenye maji, bonde la mpunga lililofurika wakati wa masika au ufukweni maji yakiwa yametoka ili kupakia samaki na mwani, kasha hupoa mara moja, hewa husinyaa, na giaboksi hunyonya kile kinachoizunguka. Kitundu kikiwa kimezibwa na tope, hunyonya kupitia sili. Maji ya mvua ni mabaya, ya chumvi ni adui. Gari linalala usiku, maji yanatua chini, na beringi ya leyi shafti, ambayo ndiyo ya chini kabisa, inalala ndani yake. Madoa ya kutu kwenye gololi huanza pale, na asubuhi mzigo wa mawe unaanza kuyabandua.

Upungufu wa oili una hadithi yake. Katika giaboksi nyingi za Toyota za aina hii, gia ya 5 haiko pamoja na wenzake. Imewekwa nyuma kabisa, katika kasha la mkiani. Oili ikipungua, na gari likiwa kwenye mteremko oili yote ikikimbilia mbele, gia hiyo ndiyo ya kwanza kukauka. Ndiyo maana ilivuma kuliko zote.

Giaboksi iliposhushwa, beringi za leyi shafti zilikuwa na mashimo madogo kwenye njia ya gololi, na ya shafti ya kuingilia ikicheza ukiitikisa kwa mkono. Meno ya gia yalikuwa mazima. Ringi za shaba za gia ya 2, zinazolinganisha mwendo wa gia, zilikuwa zimelika, na kola yake ya kufungia imepoteza pembe. Kwa hiyo hukumu ya gereji ya kwanza ilikuwa na chembe ya ukweli, lakini dawa yake ilikuwa kubwa kuliko ugonjwa.

Upande wa spea, mwenye gari alifundishwa jambo ambalo kila mwenye pikapu kisiwani angepaswa kulijua: beringi hainunuliwi kwa jina la gari, hununuliwa kwa namba iliyochongwa ubavuni mwake. Beringi yenye namba 6305, kwa mfano, ina tundu la milimita 25, kwa sababu tarakimu mbili za mwisho huzidishwa kwa 5. Upana wake wa nje ni milimita 62 na unene 17, popote ilipotengenezwa. Herufi zinazofuata nazo zina kazi. C3 inamaanisha nafasi ya ndani ni kubwa kidogo ili beringi ipate pa kutanukia ikipata moto. NR inamaanisha ina mfereji na ringi ya kuizuia isihame. Ukimtumia jamaa yako aliyeko Kariakoo namba kamili pamoja na herufi zake, anaweza kukuletea kitu sahihi. Ukimwambia "beringi ya giaboksi ya Hilux," utapokea cha kubahatisha, na boti ya kurudishia inagharimu muda na pesa.

Kuzitia ndiko kunakoharibiwa kazi. Beringi mpya ikigongwa kwa nyundo kwenye ringi ya nje ili iingie kwenye shafti, nguvu hupita katika gololi na kuacha vidato visivyoonekana kwa macho. Mvumo utarudi msimu haujesha. Pasipokuwa na mashine ya kukandamizia, njia ya salama ni kuipasha beringi moto ndani ya oili, karibu nyuzi 100 na bila ya kuvuka 120, ikatanuka na kuteleza yenyewe mahali pake. Fundi wetu alitumia sufuria, jiko la mkaa na kipimajoto. Nimewaona wengine wanaotumia moto wa gesi moja kwa moja kwenye chuma. Hao wanaiondolea beringi ugumu wake siku ya kwanza.

Oili aliyotia ni ya daraja la GL-4, uzito 75W-90. Mazoea ya gereji nyingi ni kununua dumu moja la GL-5 na kugawa kwa giaboksi na difu. Difu inaihitaji GL-5, maana meno yake husuguana kwa kuteleza na mzigo mzito. Lakini dawa za salfa na fosforasi zilizomo humo, hasa katika oili za bei rahisi, zina sifa ya kuishambulia shaba, na utelezi wake huzifanya ringi zishindwe kushika pale zinapotakiwa kulinganisha mwendo wa gia. Zipo giaboksi ambazo kiwanda kimeziruhusu zote mbili. Ila kwa gari lenye ringi mpya, sioni sababu ya kuijaribu GL-5. Oili hutiwa mpaka ifike ukingo wa tundu la kujazia, gari likiwa limesimama sawasawa, na katika mji wa vilima kama Chake Chake inabidi kwanza utafute pahala tambarare.

Dereva naye alipata lake. Injini yenye nguvu ya Newton-meta 160, ikiingia gia ya 1 yenye uwiano wa 4 kwa 1, inatoa 640 kwenye propela, na nguvu hiyo hupitia leyi shafti. Mzigo ukipita uwezo wa gari, ambao kwa pikapu za aina hii ni kiasi cha tani moja, hakuna beringi itakayodumu. Kuteremka mlima mzima frii ili kuokoa dizeli kunainyima giaboksi oili inayorushwa na leyi shafti, mbali na hatari kwa breki. Na gari lililokufa Konde lisivutwe hadi Chake Chake kwa kamba huku propela imefungwa: shafti ya kutokea itazunguka njia nzima bila ya oili kurushwa.

Giaboksi ya mtumba si dhambi. Meno yakivunjika, au shafti yenyewe ikichimbika pale beringi inapokaa, ni rahisi kuliko kutengeneza. Lakini kununua isiyofunguliwa na kutazamwa ni kununua ubovu wa mtu mwengine. Mafundi wa Chake, Wete na Mkoani nawaomba hivi: beringi mnazozitoa msizitupe. Ziandikeni ni za gari gani, zililia gia zipi na oili ilitoka na rangi gani, kisha zipelekeni Kituo cha Mafunzo ya Amali Vitongoji, ili kijana anayejifunza ufundi aone kwa macho kile atakachotakiwa kukisikia kwa masikio.