Pointi 12 za Mota: Jinsi Fundi Anavyosaka Shoti Kwenye Droni Iliyozama

Marangu, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, imezungukwa na maji. Kuna maporomoko ya Kinukamori, Ndoro na Kilasiya, kuna mifongo ambayo Wachaga wamekuwa wakiitumia tangu enzi za mababu kupeleka maji mashambani, na kuna ukungu unaoshuka kutoka msituni bila kubisha hodi. Masika yakishika, kuanzia Machi hadi Mei, mito hubadilika rangi kwa udongo wa volkano. Kurusha droni ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro kunahitaji ruhusa ya Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, na tangu 2018 nchi nzima ina kanuni za ndege zisizo na rubani zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Kwa hiyo wapiga picha wengi hurushia chini ya geti la hifadhi, juu ya migomba na maporomoko. Rasharasha moja, tawi moja lisiloonekana kwenye skrini, na chombo kiko bwawani.

Droni ikishaopolewa, mara nyingi huhesabiwa kuwa imekufa. Mwenyewe huiweka ndani ya mchele siku mbili, akaiwasha, ikatoa mlio wa hitilafu, mota moja ikatetemeka bila kuzunguka, naye akaitupa kabatini. Hukumu hiyo hutolewa mapema mno. Fundi mwenye mita ya kawaida, hata kama hana mchoro wa saketi, anaweza kubaini kilichoharibika, kwa sababu droni ya mapanga manne hubeba ndani yake saketi nne zinazofanana. Moja ikiharibika, nyingine tatu zinamwonyesha hali ya uzima inavyotakiwa kuwa.

Kwanza, kinachoungua na kisichoungua. Mota za droni hazina brashi za kaboni. Katikati kuna koili za shaba zilizopakwa vanishi, na juu yake huzunguka kikombe chenye sumaku za kudumu. Koili hizo zinaweza kuloa maji baridi, zikakauka na kuendelea kufanya kazi. Adui wa mota ni mchanga unaoingia kwenye beringi, na kutu inayofuata siku chache baadaye.

Udhaifu uko kwenye kidhibiti mota, yaani sehemu ya bodi inayopokea umeme wa betri na kuugawa kwa zamu kwenye nyaya tatu za kila mota. Kwa kawaida kila mota ina mosifeti sita. Tatu huunganisha nyaya zake na chanya, na tatu huziunganisha na hasi. Mosifeti ni swichi ya kielektroniki inayofunguka na kufunga maelfu ya mara kwa sekunde. Kompyuta ndogo iliyo pembeni huamua zamu ya kila moja, na katika vidhibiti vya kawaida hujua sumaku ziko wapi kwa kusoma volti ndogo inayozalishwa na waya uliopumzika. Mosifeti ya juu na ya chini za waya mmoja zikipitisha umeme kwa pamoja, chanya inakutana na hasi moja kwa moja na silikoni huungua mara moja.

Hapo ndipo maji yanapofanya uharibifu wake. Maji ya mtoni, hata yawe meupe kiasi gani, yamebeba madini yaliyoyeyuka, na madini hayo hupitisha umeme. Volti 11 au 15 za betri zikikaa kati ya nukta mbili zilizoloa, shaba ya upande wa chanya huanza kuliwa, ikasafiri ndani ya maji na kujijenga upande wa pili kama nyuzi nyembamba. Ndani ya dakika chache njia ya shoti imeshatengenezwa. Ndiyo maana hatua ya kwanza ni kuzima na kuchomoa betri papo hapo, pale pale ukingoni. Betri yenyewe iwekwe nje, mbali na nyumba, wala isichajiwe tena, kwa kuwa betri ya lithiamu iliyoingia maji inaweza kuwaka moto saa nyingi baadaye.

Mchele hausaidii. Hata ukinyonya unyevu kidogo, chumvi na tope hubaki chini ya vipuri, na siku ya ukungu hunyonya unyevu upya. Kinachotakiwa ni kuosha. Droni inafunguliwa skrubu kwa skrubu, bodi inasuuzwa kwa maji ya betri yasiyo na madini (siyo asidi), kisha inapigwa mswaki laini kwa spiriti ya isopropili, ile ya asilimia 99 ikipatikana. Spiriti huingia chini ya vipuri, husukuma maji nje na kukauka haraka. Baada ya hapo bodi hukaguliwa kwa lenzi chini ya mwanga mkali. Rangi ya kijani ni shaba iliyoliwa, na utando mweupe ni mabaki ya chumvi. Mahali penye rangi hizo hupewa alama.

Sasa upimaji. Kabla hajagusa mita, fundi huzungusha kila mota kwa kidole. Mota nzima huzunguka kwa mikwamo midogo ya sumaku, iliyo sawa kila upande. Ikiwa moja ni nzito kama iliyoshikwa breki, kuna uwezekano mkubwa kwamba mosifeti zake zimepata shoti. Mota inayozungushwa kwa mkono huzalisha umeme, na umeme huo ukipata njia ya shoti hugeuka kuwa nguvu ya kuizuia. Ikikwaruza kwa sauti ya mchanga, tatizo ni beringi.

Kisha mita huwekwa kwenye kipimo cha dayodi. Waya mwekundu unakaa kwenye hasi ya betri, na mweusi unagusa pointi ambapo nyaya za mota zimechomelewa. Mota nne zenye nyaya tatu kila moja ni pointi 12. Pointi nzima mara nyingi husoma kati ya volti 0.4 na 0.5, ambayo ni dayodi iliyo ndani ya mosifeti ya chini. Namba kamili hutofautiana na aina ya bodi, na haina uzito mkubwa. Chenye uzito ni kwamba zote zilingane. Mkono mmoja wa droni ukisoma 0.02, pale pana shoti. Ukisoma kidogo chini ya wenzake, huenda ni uchafu unaovujisha umeme, basi bodi irudi kwenye mswaki. Baadaye kipimo hurudiwa kwa upande wa chanya ili kupima mosifeti za juu.

Hapa kuna mtego unaowapotosha wengi. Nyaya tatu za mota moja zimeungana ndani ya koili, kwa hiyo shoti ya pointi moja huonekana kwenye zote tatu. Fundi asiyejua hilo atabadilisha mosifeti sita kwa kosa la moja. Njia sahihi ni kuzichomoa nyaya za mkono wenye kasoro, kisha kupima upya. Mara pointi mbili zinarudi 0.45 na moja inabaki 0.02, na mshukiwa amepatikana. Nyaya zikiwa huru, mota nayo ipimwe. Kati ya waya wowote na chuma cha mota kusiwe na mlio wa mita, na kila jozi ya nyaya isome sawa.

Ulinganishaji huu una mipaka, na miradi ya kwetu inaionyesha vizuri. Ramani ya Zanzibar iliyoanza kupigwa kutoka angani mwaka 2016 ilitumia droni za eBee, zenye umbo la bawa na mota moja tu ya kusukuma. Hapo fundi ana pointi tatu tu za kulinganisha zenyewe kwa zenyewe. Kwa upande mwingine, mwaka 2019 droni za Agras MG-1S zilinyunyizia mashamba ya mpunga Zanzibar dawa ya kuzuia viluwiluwi vya mbu wa malaria. Hizo zina mota nane, yaani pointi 24, na zimeundwa zikijua kwamba zitafanya kazi katikati ya maji. Droni za watalii wanaokuja Marangu kwa kawaida hazina kinga ya namna hiyo.

Shoti ikishaonekana, lazima ithibitishwe kabla ya kuunguza kitu kingine. Mafundi redio wana mbinu ya zamani inayofaa hapa: balbu ya breki ya gari, volti 12 na wati 21, inafungwa mfululizo kati ya umeme na bodi. Bodi yenye shoti huifanya iwake kikamilifu, na mkondo hauzidi ampea mbili. Bodi nzima huifanya imulike kidogo kapasita zikijaa, kisha ififie. Kwa droni za betri janja bodi inaweza isiamke kabisa bila kuwasiliana na betri yake, lakini shoti bado itaonekana.

Pale ambapo vipuri vinne vimeshikana kwenye njia moja na mita haitofautishi, fundi hupeleka volti moja hivi yenye mkondo uliodhibitiwa, kisha hulowesha eneo lote kwa spiriti. Bodi inang'aa kwa unyevu. Baada ya sekunde chache doa dogo kavu hutokea juu ya kipuri kimoja na kutanuka. Kipuri hicho ndicho kinachopata joto, na ndicho kinachotolewa.

Kukitoa kunahitaji subira. Bodi za vidhibiti zina tabaka nene za shaba zinazonyonya joto, kwa hiyo hupashwa kwanza kwa chini, ndipo hewa moto ielekezwe juu. Solda isiyo na risasi huyeyuka kwenye nyuzi 217, na kuongeza kidogo ya ile yenye risasi, inayoyeyuka kwenye 183, hurahisisha kazi. Mosifeti ya juu na ya chini hubadilishwa kwa pamoja, maana moja ikipata shoti, mwenzake huwa ameshapitiwa na mkondo mkubwa. Kipuri cha kuziendesha nacho kipimwe dhidi ya kile cha mkono mzima.

Jaribio la kwanza hufanywa bila mapanga. Mota ikiendelea kutetemeka, inahamishiwa mkono mwingine. Kasoro ikiifuata, mota ndiyo mbovu. Ikibaki pale pale, bodi bado haijapona. Zote zikizunguka, ziachwe dakika moja, kisha ziguswe kwa kidole, na joto la zote nne liwe sawa. Hapo ndipo bodi hupakwa vanishi ya kuzuia unyevu, ila soketi na tundu la kipimo cha mgandamizo wa hewa, kinachoiambia droni iko juu kiasi gani, vinaachwa wazi.

Urukaji wa majaribio huko Marangu ni mgumu kuliko wa Tanga au Bagamoyo. Geti la hifadhi liko karibu mita 1,860 juu ya usawa wa bahari, ambako uzito wa hewa ni kama asilimia 83 ya ule wa pwani. Ili kuelea pale pale, mapanga yanalazimika kuzunguka kwa kasi iliyoongezeka kwa takriban asilimia 10, na mota kula nguvu zaidi kwa kiasi kama hicho. Mosifeti iliyochomelewa vibaya itavumilia Bagamoyo na kushindwa huku. Kwa hiyo droni ielee kwanza kimo cha kiuno juu ya majani, ishushwe, bodi iguswe, ndipo ipandishwe.

Droni iliyozama baharini ni habari nyingine, kwa kuwa chumvi hula bodi kwa kasi kiasi kwamba kufikia kesho yake huenda isifae hata kwa vipuri. Lakini za mtoni zinastahili saa chache za kazi. Mafundi simu wa Moshi mjini tayari wanafanya kazi kwa hewa moto, lenzi na spiriti, na wanabadilisha vipuri vidogo kuliko mosifeti hizi. Wanachohitaji ni daftari. Kila droni nzima inayopita mezani ipimwe pointi zake 12, na namba ziandikwe pamoja na jina la modeli. Itakapoletwa ambayo mikono yote minne imeungua, fundi asibaki na mkono mzima wa kulinganisha nao, namba hizo ndizo zitakazomwongoza.