Muhuri, Chapa na Prufu: Kasoro katika Istilahi za Sarafu

Orodha ya istilahi za ukusanyaji wa sarafu ambayo imekuwa ikipita mikononi mwa wafasiri, iliyopigwa taipu bila jina la mtungaji, yastahili shukrani kwa kuwa imeingia katika shamba lililo bado pori. Lakini shukrani si kibali. Istilahi ni chombo cha kazi, na chombo kisichokata hapana budi kirudishwe kwa mhunzi.

Tuanze na neno lililo mzizi wa mengine yote. Kile chuma kigumu kilichochongwa picha na maandishi kinyumenyume, ambacho hugandamizwa juu ya kipande cha madini hata kikawa sarafu, mtungaji amekiita kalibu. Anayeijua kazi ya sonara ataona kosa mara moja. Kalibu ni chombo cha kumiminia madini yaliyoyeyuka. Na sarafu za leo hazimiminwi, hupigwa. Wala jambo hili si la wanaisimu peke yao. Alama za kumiminwa ni mojawapo ya dalili za sarafu bandia, kwa hiyo afisa wa forodha atakayesoma kwamba sarafu fulani imetoka katika kalibu yenye dosari atakuwa na haki ya kuishika kuwa ni ghushi. Sisi twapendekeza muhuri. Ni kweli kwamba katika ofisi zetu neno muhuri hutajwa kwa kifaa na pia kwa alama iachwayo na kifaa. Lakini lugha imekwisha kutupa neno chapa kwa ile alama, na maneno hayo mawili yakigawiwa kazi, utata unakwisha. Ama kile chuma chenye picha iliyotokeza, kitumiwacho kuzalishia mihuri ya kazi, na kiitwe muhuri mama.

Palipo na hasara ya fedha ni katika istilahi "chapa maradufu", ambayo orodha imeitumia kwa mambo mawili yasiyo na undugu. La kwanza hutokea muhuri unapotengenezwa. Zamani muhuri wa kazi uligandamizwa na muhuri mama zaidi ya mara moja, na katikati ulirudishwa motoni ili chuma kilainike. Ukirejea umegeuka japo kidogo, taswira ya pili hailali sawasawa juu ya ya kwanza. Dosari hiyo hukaa ndani ya muhuri, na kila sarafu itakayopigwa kwao huibeba. Senti ya Marekani ya 1955 ndiyo mfano ujulikanao zaidi, na katika sarafu za prufu iko senti ya 1971 iliyopigwa San Francisco. La pili hutokea pale muhuri ulio mzima unapotetereka katika mashine mwisho wa pigo na kuisukuma kando herufi iliyokwisha kupigwa. Hili ni ajali ya pigo, na kwa kawaida wakusanyaji hawaongezi hata senti moja kwa ajili yake.

Namna ya kuyatambua ni hii. Katika la kwanza herufi hunenepa, taswira zote mbili huwa na mviringo wake, na pembe za herufi hupasuka kama ulimi wa nyoka. Katika la pili, kando ya herufi huwa na ngazi bapa ya chini, na herufi yenyewe hukonda kwa kuwa imemegwa. Mfasiri aliyeyatia yote mawili katika kapu moja amemfunga macho mnunuzi. Twapendekeza "muhuri wenye taswira mbili" kwa la kwanza na "mtetereko wa pigo" kwa la pili. Wapo waliotaka kusema "muhuri uliorudufiwa", ila karani yeyote aliyewahi kuzungusha mashine ya kurudufia atafahamu kwamba umetolewa nakala, basi.

Prufu ni mtihani mwingine. Orodha imeandika "sarafu ya majaribio", kwa kuwa neno la asili lina maana ya kujaribu na kuthibitisha. Sarafu ya majaribio ipo, nayo ni ile inayopigwa ili mchoro utazamwe kabla ya kukubaliwa. Sarafu ya prufu haijaribu kitu: hupigwa kwa mihuri iliyosuguliwa au kutayarishwa kwa namna ya pekee, juu ya vipande vilivyochaguliwa, aghalabu kwa pigo zaidi ya moja, kwa ajili ya wakusanyaji. "Sarafu ya kioo" ni jina tamu, na laiti lingefaa. Lakini senti za prufu za Marekani zilizoanza 1909 zilikuwa na uso uliofifizwa usioakisi kitu. Wapiga chapa wetu wanasoma prufu kila siku. Na tuseme sarafu ya prufu. Hakuna atakayeichanganya na karatasi.

Neno aina nalo limebebeshwa mzigo usio wake, mara mchoro mzima, mara tofauti ndogo ya muhuri mmoja. Tumesikia hata "lahaja ya muhuri". Lina ucheshi, lakini muhuri hausemi. Aina na ibaki kwa mchoro, na hizo nyingine ziwe tofauti za muhuri. Asije mtu akadhani haya ni ya ughaibuni tu: heller 20 zilizopigwa Tabora mwaka 1916 hutenganishwa kwa ukubwa wa taji na kwa ncha za herufi L.

Katika sarafu za prufu za San Francisco orodha imeteleza vibaya. Miaka ile herufi S iligongwa kwa mkono katika kila muhuri wa kazi, kwa kichuma kidogo. Mwaka 1979 kichuma kilikuwa kimechakaa, S ikatoka kama donge; baadaye mwaka huohuo kikaletwa kipya, S ikawa safi. Hicho kipya nacho kikachakaa, kikabadilishwa 1981. Kwa hiyo S iitwayo ya pili katika 1979 na S iitwayo ya kwanza katika 1981 zilitoka katika kichuma kimoja. Orodha imefasili "ya kwanza, isiyosomeka, ya pili, inayosomeka" kwa miaka yote miwili. Mwenye sarafu ya kawaida ya 1981, akiona S inasomeka, atajiona ameshika ile adimu, na mwenye duka atafurahi kumwachia azidi kuamini. Ya pili ya 1981 hutambulika kwa ncha za S zilizovimba, siyo kwa kusomeka. Fasili na ianze na mwaka, ndipo umbo lifuate.

Sarafu zilizokosa S kabisa, kama senti 10 za 1968, 1970, 1975 na 1983, zimeitwa "makosa ya pigo". Sivyo: pigo lilikuwa zuri, muhuri ndio uliosahauliwa.

Limebaki "upande wa kichwa" na "upande wa mkia", tafsiri ya neno kwa neno. Shilingi ya Tanzania ya 1966 ina kichwa cha Mwalimu Nyerere upande mmoja, kazi ya Christopher Ironside, na upande wa pili mkono ulioshika mwenge. Mkia wa kweli utauona katika senti 5, kwa kuwa pana samaki. Uso na mgongo yatosha.