Kupima au Kukadiria? Uhakiki wa Lugha ya Setilaiti kuhusu Maji Yanayopaa Hewani, kwa Mfano wa Kamenge, Bujumbura

Ni rahisi kuandika kwa Kiswahili kwamba setilaiti “hupima” maji yanayopaa hewani kutoka udongoni na majanini. Makala haya yanapinga kitenzi hicho. Setilaiti haioni mvuke. Hupokea mnururisho wa joto unaotoka kwenye uso wa ardhi, nao wataalamu huugeuza kuwa nyuzijoto. Kisha hukokotoa nishati iliyopokewa na ardhi, wakaondoa ile inayozama udongoni na ile inayopasha hewa moto. Kinachosalia huchukuliwa kuwa ndicho kilichogeuza maji kuwa mvuke. Takwimu inayomfikia mshauri wa sera ni baki la hesabu ya kutoa, na makosa ya hatua zote zilizotangulia huishia humo.

Istilahi nayo ina upungufu. “Uvukizaji” humfanya msomaji awaze dimbwi linalokauka, ilhali katika shamba lenye majani tele sehemu kubwa ya maji hupitia mizizini na kutokea kwenye vitundu vya majani. Napendekeza “uvukizaji-jumla”. Hata hivyo, istilahi nzuri haiwezi kuokoa kitenzi kibaya.

Kamenge inalidhihirisha hilo. Mtaa huu wa kaskazini mwa Bujumbura upo karibu na mahali ambapo tambarare ya Imbo inaishia na miteremko ya Mumirwa inaanza. Magharibi kuna mpunga wa bonde la Rusizi na Ziwa Tanganyika, lililo kwenye mwinuko wa mita zipatazo 770. Mashariki ardhi hupanda hadi safu inayogawa maji ya Kongo na Nile, yenye kuzidi mita 2,000. Mtaani kwenyewe ni mabati, migomba ya uani na barabara. Kihisi cha joto cha Landsat 8 huona vipande vya mita 100, na cha MODIS vipande vya kilomita moja. Katika pikseli ya kilomita moja vyote hivyo huchanganywa kuwa wastani usiofanana na chochote kilichomo.

Mabati yanastahili kutazamwa zaidi. Bati jipya linalong’aa hutoa mnururisho mdogo wa joto kuliko udongo au jani lenye nyuzijoto zile zile. Programu ikilihesabu kama udongo, paa linalochoma litaonekana baridi; na katika hesabu hii, ubaridi husomwa kuwa ni maji. Paa kavu laweza hivyo kuandikwa kuwa linavukiza! Bati lililoshika kutu halipotoshi kwa kiasi hicho.

Njia ya SEBAL, iliyochapishwa na Bastiaanssen na wenzake mwaka 1998, humtaka mchambuzi achague katika picha mahali pa baridi na mahali pa moto. Hapa Tanganyika hushawishi. Lakini ziwa lenye kina kinachozidi mita 1,400 huhifadhi joto kwa namna isiyolingana na shamba lililomwagiliwa, na ndiyo maana METRIC ya mwaka 2007 hupendelea shamba la namna hiyo. Vilima vilivyo juu ya Kamenge navyo ni baridi kwa sababu ya mwinuko. Bila masahihisho, kimo cha mlima huitwa unyevu. Zaidi ya hayo, kila Landsat hurudi baada ya siku 16, karibu saa nne asubuhi, na mawingu ya masika huziba picha nyingi. Jumla ya msimu, basi, imejazwa pengo kwa pengo.

Sisemi njia hii itupwe. Kwenye mpunga mpana na tambarare wa Imbo ina nguvu kubwa, na vituo vya hali ya hewa pekee haviwezi kuenea eneo lote. Tatizo huanza jedwali linapotumiwa kugawa maji baina ya mpunga wa bondeni na bustani za mlimani. Mkulima anayeambiwa “setilaiti imepima” hana pa kuanzia kubisha. Akiambiwa “imekadiriwa”, anaweza kuuliza: siku zipi, pikseli ya ukubwa gani, mahali gani palichaguliwa kuwa pa baridi?

Ripoti za Kiswahili zinazopelekwa kwa wafanya maamuzi wa Afrika Mashariki ziyajibu maswali hayo matatu chini ya kila jedwali. Na kwa pikseli zilizotawaliwa na paa, kama nyingi za Kamenge, safu ya takwimu iandikwe “haikukadiriwa”.